Chanzo cha Sampuli

Fomu ina mstari mmoja: chanzo cha sampuli.
Nimeandika: gome, kilo mbili, soko la Khayega.
Kisha nikaweka kalamu chini,
maana soko halina mikono,
na gome hili lilifungwa kwa kamba ya mgomba
na mikono niliyoiona.

Ingasiani, ulikuwa umekalia gunia,
mguu wa kushoto umeunyosha mbele
kama gogo lililosahauliwa njiani,
goti limevimba, linang'aa mithili ya kitunguu kilichomenywa.
Nikauliza: ni shikuma kweli?
Ukavunja kipande, ukanipa nitafune.
Ulimi ukafa ganzi, mate yakanijaa.
Ukacheka: "Uongo hauchomi hivyo."
Kwenye mizani ulinipunja. Nikanyamaza.

Siku tisa nililikausha kivulini,
mvua ya Kakamega ikija kila saa nane
kama karani asiyechelewa kazini.
Nikalisaga, nikaliloweka katika spiriti,
spiriti ikageuka manjano,
manjano ya kiini cha yai la kienyeji.

Kisha panya. Sitakuficha.
Weupe, macho mekundu, namba mkiani badala ya jina.
Tunawachoma sindano ya unyayo ili uvimbe,
tunasubiri saa tatu,
tunapima maumivu yao kwa milimita.
Hawa tukawapa maji matupu,
wale kidonge cha duka la dawa,
na waliobaki, gome lako.
Kumi na Saba alijikunyata pembeni akilamba mguu,
nami nikaliona goti lako.

Mwili ukijeruhiwa huita majirani.
Huja na maji, huja na moto, huja na kelele,
na ndivyo inavyopasa.
Lakini wapo wasiojua kuaga:
hukaa gotini kama wageni wa matanga
wanaokula mpaka mbegu ya msimu ujao.
Nadhani ndani ya gome mna kitu,
chembe chungu isiyoonekana,
kinachopita mlango hadi mlango kikinong'ona:
maziko yamekwisha, nendeni makwenu.

Nadhani. Mle mna chembe nyingi zimekumbatiana,
na huenda mojawapo ni sumu.

Wa maji, nyayo zilibaki maandazi.
Wa kidonge, zilinywea vizuri.
Wa gome, Ingasiani, zilipungua.
Si zote. Si haraka. Theluthi, na kidogo juu yake.
Daktari Chelagat alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akasema: "Rudia."
Kwa watu wa kazi yetu, hicho ni kigelegele.

Tukarudia. Jumapili usiku umeme ukapotea,
jokofu likalia machozi hadi asubuhi,
nusu ya chupa tukazimwaga.
Tukarudia tena.

Jumatano nilikuja kukupa habari.
Nikakukuta unameza kidonge cheupe kwa chai.
"Mganga hajigangi," ukasema kabla sijauliza,
"na mimi hata si mganga, ni mwuzaji.
Gome hili ni karo ya Muhonja.
Nikilinywa, nitauza nini?"
Ukanionyesha kwa kidevu upande wa msitu:
siku hizi unavuka mto kulitafuta,
na goti hilohilo,
kwani miti ya huku imechunwa kuzunguka shina,
imekufa imesimama.

Kisha ukauliza: "Huyo panya wako, alipona?"
Nikajifanya natafuta chenji mfukoni.
Kwetu panya hamalizi wiki baada ya kipimo;
tunahitaji kuona ndani.

Sasa ni usiku, fomu inaningoja.
Nafasi waliyoiacha ni fupi, yatosha soko tu.
Nimeandika pembeni, herufi zikipanda ukingo wa karatasi:
Ingasiani, anayejua mti ulipo.
Goti la kushoto.
Bado linauma.