Safu ya Jina

Usakinishaji umekamilika, yasema skrini. Hongera.
Kana kwamba nyumba ni kuta tu.
Nimekaa kwenye ofisi ya msajili,
mji mdogo wa milimani, Armenia;
theluji imefika usawa wa dirisha, jiko la kuni linakohoa,
na seva mpya inavuma chini ya meza
kama paka ambaye bado hajaambiwa habari za panya.

Kwanza, nywila ya mzizi.
Seva huzaliwa mlango wazi,
yeyote apitaye ni mfalme.
Natunga herufi ishirini na nne, naziandika karatasini.
Bi Araksia anaikunja, anaizika ndani ya kopo la chai:
"Hapa hata marehemu mume wangu hakupajua."

Kisha mzizi asiingie kutoka mbali.
Atawale akiwa humu humu, kwenye baridi hii,
moshi wa jiko ukimwasha macho.

Hifadhidata ya majaribio naifuta bila kuifungua.
Maskini, iliumbwa ichezewe tu.

Halafu huyu: mtumiaji asiye na jina.
Programu imekuja naye kutoka kiwandani,
mwenyeji hajafika, yeye keshaketi sebuleni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu, hilo jembe utaliandika kwa nani?
Nabonyeza. Ameondoka bila kuaga.

Bi Araksia nampa haki ya kusoma na kuandika.
"Na kufuta?"
"Kufuta hapana."
"Vizuri," asema, na kwa mara ya kwanza ananimiminia chai.

Madaftari ni saba, migongo ya kitambaa,
ya mwaka ule ardhi ilipotikisika.
Naunda jedwali: namba, jina, tarehe, mahali pa kaburi.
Jina: lisiwe tupu.
Ndivyo nilivyofundishwa, kwamba pengo ni uzembe wa karani.

Anasoma, naandika.
Gurgen, mwashi.
Shushan, mshonaji.
Yeranuhi na Satik, dada, jiwe moja.
Vidole vyangu vimepata mwendo, karibu naufurahia,
mpaka ukurasa wa kumi na moja, anaponyamaza.

"Mwanamke. Koti la kijani. Vifungo vinne,
cha nne si cha koti hilo."
"Jina?"
"Mtoto wa kiume. Kiatu kimoja, cha kushoto."
"Jina, bibi."
Ananitazama
kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma.

Naacha pengo. Seva inakataa,
kwa mstari mwekundu wenye adabu zote:
safu ya jina haiwezi kuwa tupu.
Naandika Fulani. Inameza mara moja,
haina haya.

Bi Araksia ameinama begani kwangu, miwani imefunikwa na mvuke wa chai.
"Toa hilo. Fulani ni mtu unayemjua, hutaki tu kumtaja.
Huyu tunamtaja kila mwaka.
Hatumjui."

Nikarudi nyuma, nikaibomoa sheria yangu mwenyewe.
Jina: laweza kuwa tupu.
Nikaongeza safu moja, nikakosa la kuiita,
nikaiita *alichokuwa nacho*.
Koti la kijani likaingia. Kiatu cha kushoto kikaingia.
Hakukuwa na mstari mwekundu.

Usiku nikatengeneza nakala rudufu,
na kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni ahadi ya mlevi,
nikafuta jedwali zima, mkono ukinitetemeka, nikalirudisha.
Gurgen akarudi. Dada wawili wakarudi.
Mwanamke akarudi na mahali pake patupu, palipoachwa wazi kwa makusudi.

Nilikuwa nimeshavaa kofia
Bi Araksia alipouliza kama mashine hubakiza nafasi.
Hubakiza.
"Basi ongeza: cha nne ni cha mfupa,
kimeshonwa kwa uzi mweusi.
Nilikishika."