Mkono Usitangulie Jicho

Kabla hatujavuka lango la Oloolua
Nasieku alitutazama miguu, si nyuso.
Sisi wauza spea wa Barabara ya Kirinyaga
tumezoea kukaguliwa mfuko.
"Buti. Suruali ndefu. Hizo spika zizimeni,
mtembee kwa kishindo,
muziki si kitu kwake, yeye husikiliza ardhi.
Na mkono usitangulie jicho."

Hakumtaja. Tulimwelewa.
Mama yangu naye, jua likizama, alimwita kamba,
asije akaitika.

Wafubwa alikuja na ndara.
"Nairobi hii? Joka ninalolijua mimi
huvaa tai, hupokea kodi tarehe tano."
Tukacheka, kwani ni kweli.
Nasieku hakucheka. Alimtolea buti za mvua za kaka yake,
kubwa, zikawa zinapiga chwa, chwa, nyuma yangu
asubuhi nzima.

Wengi wao, alisema, wakihisi nyayo hujiondokea.
Kifutu haondoki.
Kifutu amejivika majani makavu,
vumbi, chai iliyomwagika ikakauka,
na anaiamini nguo yake.

Kwenye gogo tulifundishwa: panda, simama juu,
chungulia ng'ambo, ndipo ushuke.
Tukapita mmoja mmoja kama watu wa komunio.
Wafubwa naye akapita vizuri tu, chwa.
Kisha tukaketi kunywa chai,
na kifuniko cha chupa kikabingirika
chini ya gogo lile lile,
na mkono ukatangulia.

Watu huniuliza alipigaje yowe.
Hakupiga. Alisema "Ala,"
kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Ndipo kila mtu akawa mganga.
Kyengo akavua mshipi amkaze mkono.
Kerubo akatoa wembe mkobani, sijui aliubebea nini.
Mmoja anapiga simu Bungoma kuulizia jiwe jeusi,
mwingine ameshika rungu, anamtafuta mwenyewe.
Nasieku hakupaza sauti.
"Rudini nyuma wote. Mwacheni aende zake.
Mshipi kiunoni. Wembe mkobani.
Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya.
Mama, mvue pete. Sasa,
kabla kidole hakijakataa."

Miaka kumi na mmoja ilikuwa haijatoka
hata kwa sabuni ya kufulia.
Siku ile ilitoka kwa mate yangu.

Saa ya mkononi akaivua yeye. Akaandika kwa biro juu ya ngozi:
saa nne na dakika kumi,
na mstari pale uvimbe ulipofika.
Leso yangu na fimbo ya Kyengo vikawa gango.
"Usitembee hata hatua. Wewe leo ni mzigo."
Wakambeba wanne, wakipokezana,
buti moja ikadondoka, hakuna aliyeirudia,
hadi kwenye pikapu ya maziwa.
Njiani mstari ukachorwa tena. Na tena.
Nikawa nausoma mkono wa mume wangu
kama mtu wa bondeni asomaye mto.

Daktari hakuuliza kama tulimuua.
Aliuliza saa. Nikamwonyesha mkono,
ukajieleza wenyewe.

Zile wiki tatu sizisimulii, wala ile ngozi.
Yuko hai. Kidole kimoja hakikunjiki,
akihesabu noti hukiacha kando kama mgeni.
Pete haimwingii. Nimeivaa mimi, dole gumba.

Tunaishi ghorofa ya tano, Pipeline,
ngazi za saruji, hakuna hata jani.
Lakini kila alfajiri viatu hugongwa sakafuni,
kimoja, halafu kingine,
jirani wa chini akigonga dari kwa ufagio,
na Wafubwa akimulika ndani kwa tochi ya simu
kabla ya kutia mguu.
Simcheki.
Nangoja anipishe, nigonge vyangu.