Kichwa cha Tatu

Alianza kwa kuinamisha shingo upande wa kushoto,
kama anayesikiliza kitu chini ya ardhi.
Kisha akazunguka.
Si kukimbia, si kucheza. Kuzunguka:
pia iliyorushwa na mtoto asiyeonekana,
duara lile lile, kwato zile zile,
mpaka nyasi zikang'oka, matope yakachora pete
katikati ya malisho ya Su Pradu.

Wenzake walipanda mlimani kulifuata jua la Februari.
Yeye alisafiri kutwa nzima asifike popote.

Baba yangu, Bachisio, akasema ni jicho la mtu.
Akamtaja na mwenyewe: jirani wa ng'ambo ya ukuta wa mawe,
aliyewasifu kondoo wetu mwezi wa Desemba
na hakuwagusa.
Shangazi Billia akadondosha punje za ngano
katika glasi ya maji, akanong'ona anayoyajua.
Punje zikatoa mapovu.
Kondoo akazidi kuzunguka.

Tulimchinja Jumamosi. Nyama jikoni, ngozi ukutani,
kichwa kwa Murru.
Ndivyo tulivyoikuta sheria: kichwa ni cha mbwa,
ujira wa usiku wote anaolala nje
na theluji mgongoni, sikio wazi.
Nilikipasua mwenyewe kwa shoka ili asihangaike.
Alikula taratibu, mkia ukipiga mlango,
akiinua macho kunitazama kila baada ya kutafuna.

Na wa pili, hivyo hivyo.

Wa tatu alimkuta daktari Ledda zizini.
Alikuja kwa ajili ya chanjo, alikuwa anafunga mkoba wake.
Akamshika, akambonyeza fuvu kwa kidole gumba.
Mfupa ukaingia ndani kama ganda la yai bovu.
"Huyu simtibu," akasema. "Lakini nataka kumwona ndani."

Ndani palikuwa na kilengelenge
kikubwa kama limau, chepesi,
kimejaa maji safi kuliko ya kisima chetu,
na kwenye utando wake nukta nyeupe, mamia,
kama chenga za mchele.
"Kila nukta ni kichwa cha tegu. Inangoja tumbo."
"La nani?" baba akauliza.
Daktari alikuwa anaosha kisu.
"Vile vichwa viwili vya kwanza," akasema, "vilikwenda wapi?"

Hakuna aliyejibu.
Murru alikuwa ameketi mlangoni kwa adabu zake,
ulimi nje,
anasubiri cha tatu.

Waliosema mchama ago hanyele
hawakumwambia mbwa.
Tegu tumboni mwake, yai katika mavi yake,
mvua ikalitawanya, nyasi zikalibeba,
kondoo akameza asubuhi tulivu huku mimi nikipiga mluzi,
nalo likapanda, likapanda, hata ubongoni.
Kisha mimi na shoka langu
tukalirudisha nyumbani.

Baba alichimba shimo kule kwenye mialoni,
refu hadi kiunoni. Kichwa, chokaa, mawe juu.
Hakutaka nimsaidie.
Kidonge cha mbwa alikificha ndani ya gamba la jibini,
jibini letu la mwaka jana, lile la kuuza,
na Murru akameza bila kuuliza,
kama alivyomeza kila kitu kutoka mikononi mwetu.

Kuhusu jirani, baba hakusema tena.
Jumapili alimpelekea kopo la maziwa
akarudi haraka.

"Waliokula nyasi za Oktoba," daktari alisema akiondoka,
"wameshakula. Mtawajua mmoja mmoja."
Basi jioni, wakati wa kukamua, sihesabu vichwa.
Natazama shingo.
Mia na arobaini na moja, zote zimenyooka,
isipokuwa labda yule mwenye doa,
au ni kivuli, au anajikuna tu.

Murru amelala juu ya mawe ya lile shimo,
pua chini.
Baba anamwita mara mbili.
Haji.