Kuchambua

Usiku wa msimu vidole vinachambua:
karafuu huku, makonyo kule.
Vidole havitaki msimamizi,
vyajua. Ndipo moyo unapotoroka,
na mimi, Mize binti Faki, wa hapa Wete,
ninamzika mume wangu.

Simuui. Hilo lieleweke.
Huwa keshakufa ninapofika.
Nakuta sanda imekatwa, kafuri imesagwa,
udi unafuka chini ya kitanda,
wanawake wa Kizimbani wamejaa ukumbini,
nami nachagua kanga ya kuvaa.
Nalia kidogo, kwa utaratibu.
Kisha hitima inakwisha, watu wanaondoka,
nakaa eda: miezi minne na siku kumi,
chumba kimoja, dirisha moja,
hakuna anayeuliza chumvi iko wapi.

Na Shaame si mbaya! Hanipigi, hanitukani.
Akienda Mkoani hurudi na pweza mkavu
kwa kuwa mwaka wetu wa kwanza nilisema napenda.
Miaka kumi na tisa ya pweza.
Sikupata kumwambia nimekinai.

Ustadhi kwenye darsa alisema
linalopita moyoni haliandikwi
mpaka ulitamke au ulitende.
Nilishusha pumzi hata jirani akanigeukia.
Lakini njiani nikajiuliza:
lisiloandikwa, mbona nalisoma kila usiku
na sasa nalijua kwa ghibu?

Juzi tawi la mkarafuu likamsaliti.
Walimleta juu ya mlango uliong'olewa,
uso mweupe kwa vumbi, macho yamefumba.
Na mimi, hapa ndipo penye kisa,
sikukimbilia maji, sikumwita jina.
Mkono ulikwenda wenyewe sandukuni
ukatoa kanga ile ile.
Machozi yakaja kwa zamu yake.
Wenzangu wakasema: maskini, anavyompenda!
Nami nikakisikiliza kilio changu
kama unavyomsikiliza mtoto akisoma alichokariri,
ukingoja akosee.

Hakukosea.

Kumbe ni mkono tu, na mbavu mbili.
Sasa namlisha uji wa pilipili manga
kijiko kwa kijiko.
Jana akaniuliza: "Ulikuwa ukiwaza nini,
umesimama na kanga, hunisogelei?"
Nikasema, "Hofu tu."
Akautafuna uji usiotafunwa. "Haya.
Nami juu kule nina yangu.
Mtu hawezi kukaa mtini kutwa nzima
na kichwa kitupu."
Hakusema yapi. Sikuuliza.
Lakini sikulala, nilitaka kujua
kama humo ndani nimo,
na kama nimo, ni hai?

Leo nimerudi jamvini.
Karafuu huku, makonyo kule.
Mgeni angesema makonyo ni taka.
Yana mafuta yake; huyakamua huko Wawi,
na chupa moja yanukia nyumba nzima.

Shaame anakoroma chumbani, mkono kifuani.
Nimejaribu kumwaza mzima:
anaingia, anavua viatu, anauliza chumvi.
Nimemwaza mpaka kwenye chumvi, nikachoka.
Vidole vinakwenda.
Dirisha lile limeniita mara mbili.
Mara ya kwanza nilijitia sikusikia.