Kisu cha Bibi Tupokigwe

Asubuhi yangu ya kwanza Tukuyu
ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mdai,
na shangazi, ndoo ya maziwa mkononi, akaniuliza:
"Ugonile?"

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa Tanga,
nimekua kwa lugha ya baba, karani wa reli.
Kwetu ugoni ni kesi. Hupelekwa kwa kadhi,
hutajwa kwa sauti ya chini, watoto wakishafukuzwa ukumbini.
Nikajibu: "Hapana, shangazi. Sijafanya."

Walicheka hadi ndama akageuka kututazama.
Kumbe naulizwa nimelalaje, basi.
Neno ni lile lile, la usingizi:
liliteremka pwani likalala kitanda kisicho chake,
huku juu likabaki salamu.

Mjomba Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi,
hakuweza kupita neno bila kuliuliza kwao wapi.
Chai, alisema, akinionyesha kijani kinachoshuka kuelekea Katumba,
sisi tunaichuma, jina lake limechumwa Uchina.
Shule aliiacha Mjerumani, pamoja na hela;
Mjerumani mwenyewe hakukaa.
Meza ya Mreno haijawahi kummeza mtu,
ingawa hii (akaigonga, mguu mmoja umeegeshwa tofali)
imeyameza macho yangu.

Na tata?
Kwa baba, tata ni fundo, uzi uliojisokota.
Huku tata ni baba.
Nilidhani mjomba ananitania,
maana baba yangu alikuwa vyote viwili.

Jina langu Subilaga. Bibi aliniambia maana yake:
uwe na tumaini.
Pwani walilikata, Subi, wakaniambia nisubiri.
Nilisubiri sana. Mpaka leo sijui
kama subila na subira ni ndugu wa tumbo moja
au wapita njia waliofanana sura,
wakasalimiana kwa makosa,
kisha wakaona haya kuachana.

Halafu ukaja mwaka wa mvua isiyokatika.
Bibi Tupokigwe, mifupa na blanketi,
alifungua macho akasema: "Ikisu."
Nikakimbia jikoni.
Nikaleta kile chenye mpini wa kufungwa kamba,
cheusi kwa utomvu wa ndizi.
Nikamwekea kiganjani.

Akakitazama. Akanitazama.
"Ikisu kyangu," akarudia, taratibu,
kidole kikielekea dirishani:
migomba, mteremko, kaburi la mumewe,
ng'ombe watatu, wingu limeketi juu ya zizi.
Nchi. Alikuwa anaitaka nchi yake,
nami nimempa chuma.

Alicheka, akakohoa, akacheka tena.
Hakukiachia. Alilala nacho
mpaka shangazi alipokitoa, vidole vimeshapoa.

Matanga hayajaanuliwa, wajomba wakatoka na kamba na vigingi.
Hatua arobaini huyu, thelathini yule.
Kwa mgomba mmoja waligombana kutwa nzima.
Mama yangu, kwa kuwa aliolewa mbali, hakukatiwa hata tuta.
Na mjomba Ambakisye, mwenye maneno yote yale,
alikuwa ameshika ncha ya kamba, ananyamaza.
Nilisimama kwenye matope nikasikia
kisu na ikisu vikitamka jambo moja.
Sikuhitaji mkalimani.

Shangazi alinifungia kile cha jikoni kwenye gazeti.
"Chukua. Ulimpa, akakupa."
Nikasema ndaga, yaani asante,
neno pekee nililojua kulisema bila kuchekwa.

Kiko Tanga sasa, uani kwangu.
Nakitumia kung'olea ndago,
gugu lile linaloacha kitu chini hata ukilifuata kwa kucha.
Ncha imeliwa. Kamba nimebadilisha mara mbili.
Nainama, nachimba, na mdomo unajisemea wenyewe
ndago, ndaga, ndaga,
wala sijui namshukuru nani.