Mkate wa Mwenyewe

Ami Bwanamkuu ana karatasi ndefu kama kanzu,
ameikunja ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku,
sanduku ndani ya chumba kisichofunguliwa ila Ijumaa.
Majina kumi na saba, bin juu ya bin,
tangu mtu aliyekuja Lamu kutoka Pate
na upanga, na dua, na bila mke,
hadi kwake yeye.
Nikamuuliza: Ami, hawa wote walizaliwa na nani?
Akacheka. Akasema chai inapoa.

Kwa arusi ya Khuwelda anataka mti uchorwe,
ukuta mzima wa daka, rangi ya kijani,
wageni wa Mombasa waone tulikotoka.
Nikatumwa mimi nihakiki tarehe,
kwa kuwa nimesoma,
na kwa kuwa sina mume wa kunikataza.

Siku tatu nimekaa ofisi ya kadhi.
Karani Athmani Shekuwe ana kikohozi na funguo nane;
wa kabati ulikuwa wa tisa.
Daftari la ndoa linanuka chumvi na popo.
Mchwa wamelisoma kabla yangu:
wamekula mahari za watu, wameacha mashahidi,
wameumaliza mwezi mzima wa Rajabu.
Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu,
nikazifuata moja moja
kwa ncha ya sindano yangu ya kushonea kofia.

Siku ya tatu, adhuhuri haijaingia:
Lali bin Shee, babu wa babu yangu,
jina la kumi na nne kwenye karatasi ya Ami,
amemuoa Faida binti

na hapo mwandishi ameinua kalamu.
Si mchwa. Nililipeleka jani dirishani,
nikalitazama kwa jua: ni zima,
halina tundu wala waa.
Mahari, reale mbili.
Walii ni kadhi, kwa sababu
bwana aliyemwacha huru ndiye bwana arusi.

Faida.
Aliyempa jina hilo hakuwa akiomba dua.
Alikuwa akipiga hesabu.

Nikamkumbuka bibi yangu Somoe, jikoni,
uso umemwiva kwa moto wa mofa.
Mkate wa kwanza hatukuula sisi.
Aliupindua, uso chini,
akauweka peke yake kizingitini mwa uani.
Niliunyoshea mkono mara moja tu, nikapigwa kofi.
Huo wa mwenyewe, alisema.
Mwenyewe nani?
Mwenyewe. Mavyaa wangu aliuweka,
na mavyaa wake aliuweka.
Kunguru wakauchukua mchana,
na kesho yake ukawekwa mwingine.

Nikahesabu pale ofisini, kwa vidole, chini ya meza:
Somoe. Mavyaa wake. Mavyaa wa mavyaa wake.
Vidole vitatu tu.
Athmani akaniuliza kama nimeingia vumbi machoni.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, sina la kumlaumu.
Akasema waandishi wa zamani walikuwa na haraka.
Akasema Lali alikuwa na wake wengi.
Akasema, polepole, mamangu hakuwahi kuniambia
ule mkate ulikuwa wa nani.
Kisha akatoka kwenda kuswali alasiri
ambayo ilikuwa haijaadhiniwa.

Kombo mchoraji hutoza shilingi hamsini kwa herufi.
Nikampa mia mbili na hamsini:
kando ya Lali, kwa kijani kile kile.
Akaandika. Akashuka ngazi, akatazama, akapanda tena.
Binti nani?
Acha nafasi, nikamwambia.
Kiasi gani?
Kiasi cha jina la mtu.
Akapima ukuta kwa shubiri, akafikiri,
akarudisha kalamu mkebeni.
Nafasi tupu, akasema, silipishi.