Chai ya Zamu

Miaka kumi na tisa nauza chai Gerezani,
nyuma ya gereji, ukuta umeshika grisi hadi kimo cha mtu.
Chai yangu inajulikana: huchemka mpaka ipande,
naishusha, naipandisha tena,
tangawizi naiponda kwa nati ya lori,
sukari sipimi, mkono unajua.

Basi Chaurembo alipochomoa chini ya kiti cha Noah
iliyotoka bandarini wiki ile
kipakiti kilichobanwa mdomo kwa kibanio cha nguo,
akasema, "Mama Tunu, wenzako wa kule hao,"
nikacheka. Majani mapana, kijani kilichofifia,
na vijiti ndani, kama mabaki ya ufagio.
Nikayatia sufuriani kama ninavyotia yangu.
Yakachemka. Yakapanda.
Chungu! Shubiri ina adabu.
Chaurembo alitema juu ya tairi.

Lukiko wa vipuri ndiye aliyeisoma karatasi yake.
Hajakanyaga darasa la Kijapani; kasomea kwenye maboksi
ya plagi na fenibelti, herufi moja moja,
kama mtu anayeokota misumari.
"Hii ya kwanza, *ban*. Namba. Au zamu.
Ya pili, chai." Akakuna kichwa.
"Chai ya zamu."
Akaeleza alivyosikia kwa wakala mmoja:
majani laini ya mwanzo huenda kwa wenye nafasi,
haya huchumwa mwisho, yamekomaa, yameshiba jua,
ndiyo maana bei yake haimtoi mtu jasho.
Nikayatazama upya.
Mimi mwenyewe kitindamimba, mtoto wa nane.

Sasa kuipika. Hapo tuligombana.
"Maji yachemke," kasema Lukiko, "kisha yaache."
Niyaache? Kwa mkaa wa bei hii, niyachemshe halafu niyaache?
Chaurembo, yuko uvunguni mwa gari, miguu tu inaonekana:
"Rejeta ikichemka unaifungua hapo hapo?"
Nikanyamaza.

Nikaepua. Nikahesabu mauzo ya asubuhi, noti kisha sarafu,
mpaka mvuke ukaacha kukimbia, ukaanza kutembea.
Majani kijiko kimoja cha kujaa, maji kikombe kimoja.
Kifuniko. Nusu dakika, labda na kidogo,
muda wa kumdai mtu na kuambiwa kesho.
Nikachuja.

Rangi ya nyasi kavu zilizonyeshewa.
Harufu ya mkeka mpya.
Hakuna iliki wala sukari ya kuniamkia;
ladha ilipita ulimini polepole,
ikafika mlangoni, ikarudi kuaga.

Daktari alikwisha kuniambia, sukari basi.
Nilimwitikia vizuri, nikatoka nikainywa.
Siku hizi simdanganyi sana.
Sisemi inatibu. Wanaosema chai inatibu wanauza chai,
nami nauza, nawajua.
Nasema tu: tumbo halilalamiki jioni,
moyo haurukiruki, usingizi unakuja bila kuitwa,
na saa nane mchana, kichwa kikijaa pamba,
kuna kinachoichambua.

Na ubahili wangu umepata rafiki:
majani yale yale hukubali maji ya pili,
ya tatu pia, ingawa hapo ni maji yanayokumbuka chai.
Kipakiti kilipokwisha nilikwenda Kisutu kwa Jivraj,
nikaulizia kwa sauti ya chini, kama anayetafuta dawa ya siri.
Elfu saba. Siku arobaini.
Piga hesabu mwenyewe.

Mafundi hawaitaki. Wanataka yangu, tamu, kijiko kisimame.
Nawapa; ndiyo kodi ya chumba.
Lakini saa kumi, masufuria yameinama kukauka,
nageuza ndoo, nakaa. Zamu yangu.

Jana Chaurembo kaja, mikono myeusi,
kaomba "ile chungu."
Nikamwambia angoje maji yatulie.
Akangoja.
Nikabana paketi kwa kibanio kile kile.
Sijui ni cha nani huko kilikotoka,
ila alikibana vizuri,
kama mtu aliyedhani atarudi kunywa.